Magogo Yaliyotubiwa

Tulimwacha Sostenes ukingoni mwa duara lake, shimo la dhahabu, kule Rwamgasa, kashika buti moja la mpira, anachungulia shimoni kama mtu aliyeangusha simu chooni.

Buti lilikuwa la Maduhu, msimamizi wa wachimbaji wake. La pili lilibaki chini. Ukuta ulimeguka, udongo ukambana Maduhu mguu, naye akauchomoa mguu akaliachia duara buti. Alipofika juu akavua lililobaki, akamkabidhi tajiri yake.

"Shika hili, mzee. Jingine kaliombe huko chini."

"Bwana asifiwe, mguu umetoka," Sostenes akasema.

"Mguu umetoka leo. Siku nyingine buti litabaki na mguu wake." Maduhu alikuwa kasimama kwenye matope, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia. "Matimba yameoza. Hayo magogo yanayoegemeza ukuta, mzee, ukiyagusa kwa kidole yanabonyea kama mkate uliolowa chai. Mapya yako wapi?"

"Si yaliibwa?"

"Yaliibwa, ukasema unaleta mengine."

"Yako njiani. Lori limekwama Isaka."

"Mpaka leo?"

"Kwani wewe foleni ya malori ya Isaka unaijua?"

Maduhu hakuijua. Ndiyo maana Sostenes aliichagua Isaka. Si mbali sana hata mtu akashangaa, wala si karibu sana hata mtu akaenda kuangalia.

Aliyefungia karanga gazeti la juma lililopita kabla hajalisoma asihangaike, mambo yenyewe ni haya. Sostenes alitoka Samuye, akauza ng'ombe wa urithi, akaja kwenye dhahabu. Akapata duara, akapata wokovu, akapata uzee wa kanisa, na kuanzia hapo mikosi ikamwandama kama kuku wanavyomwandama mtwangaji. Pikipiki yake iliibwa nje ya kanisa, naye yuko ndani anashuhudia jinsi Bwana alivyompa pikipiki. Mbuzi wake wa shukrani alitafuna kitambaa cha madhabahu mbele ya wageni. Kisha yakaja magogo.

Yalikuwa magogo mazuri ya mkaratusi, yamenyooka. Maduhu na wenzake waliyamenya maganda, na kila moja wakalichonga mdomo kwenye ncha, ile nafasi ya kulalia gogo la kukingama kule chini. Asubuhi moja wakakuta hayapo. Sostenes akaitisha maombi palepale ukingoni, akapiga magoti kwenye kifusi, akamwombea mwizi.

"Baba, huyu mtu ana moyo mzuri. Ni shetani tu kampitia. Msamehe, Baba, msamehe leo hii!"

Alilia mpaka kamasi. Wachimbaji wakanong'ona kwamba tajiri yao ana upendo wa ajabu. Na kilio kile kilikuwa cha kweli kabisa, maana hakuna mwizi anayeombewa kwa uchungu kama yule anayejiombea mwenyewe.

Magogo yalikuwa kanisani. Yalikuwa yameshika paa jipya la mbele, pale wanapokaa kwaya na wazee. Kanisa lilihitaji nguzo, Sostenes alihitaji kuonekana, na duara lilikuwa karibu. Usiku alipoyasomba, alitubu kabla hajawasha hata tochi.

Huo ndio ulikuwa ufundi wake. Wengine hutenda ndipo wakatubu. Sostenes alitubu mapema, kama mtu anayenunua vocha kabla salio halijaisha. Uongo wa Jumatatu aliutubia Jumamosi, akauingia kwa amani.

"Dhambi ni kama vumbi la karasha," alipenda kuwaambia vijana. "Ukisaga mawe lazima likupate. Cha muhimu maji ya kuoga yawepo. Na neema, vijana wangu, haina mgao."

* * *

Jumamosi ile alifika nyumbani na buti mkononi, alisahau kulirudisha. Mkewe Vumilia, Mama Noela, alikuwa kakaa kwenye kigoda anachambua michembe ya viazi, ile iliyoota ukungu anaitenga pembeni kwa kuku.

"Na hilo buti?"

"La Maduhu."

"Maduhu mwenyewe yuko wapi?"

"Mzima! Mbona unaniangalia hivyo?"

Akaeleza, akipunguza hapa na pale. Vumilia hakupandisha sauti. Ni mwanamke anayeuliza polepole, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Kesho unasimikwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa."

"Kwa neema tu, Mama Noela."

"Duara litapumzika?"

"Jumapili? Kwangu mimi mtu hashiki sururu siku ya Bwana."

"Na Luka?"

Luka ni mchumba wa binti yao Noela. Kijana mpana wa mgongo, mchache wa maneno, harusi yao inangoja mvua zipungue. Sostenes akakohoa.

"Luka atakaa chini kidogo kulinda mwamba. Majirani wanatoboa kwa ubavuni, tukiacha shimo tupu tutakuta jiwe letu lote limehamia kwao."

"Kwa hiyo atafanya kazi."

"Atakaa. Kukaa si kazi."

"Na ukuta unajua kwamba ni Jumapili?"

Sostenes akavuta kiti, akajipangusa jasho. "Sikiliza. Hilo la matimba kuoza nimeshalitubia."

"Umelitubia?"

"Kwa machozi."

"Na magogo yamepona?"

"Wewe unaniletea mambo ya sheria. Mimi siko chini ya sheria tena. Niko chini ya neema."

"Wewe uko chini ya neema, Baba Noela. Luka yuko chini ya magogo."

Kuku wakaendelea kugombea michembe.

"Ngoja nikuulize, mimi niliyeishia darasa la saba," Vumilia akaendelea, bila kuinua macho. "Juzi Noela alimwaga uji kwenye mkeka. Akaniomba radhi. Nilimsamehe?"

"Ulimsamehe."

"Nilimsamehe kabla hajashika kitambaa. Mtoto wangu, nimkasirikie uji? Lakini angebaki amekaa pale na msamaha wake, anatazama nzi wanavyotua, ningejua hakutaka msamaha. Alitaka ninyamaze."

Sostenes akasema njaa inamuuma. Vumilia akampakulia. Kisha akalifuta buti matope kwa gunzi la hindi, akalitia kwenye mkoba wake wa kanisani.

"Maduhu akilifuata, nitampa mwenyewe."

Mvua ikaanza kabla chombo hakijaoshwa. Ilinyesha usiku kucha, ile mvua isiyo na haraka, inayoingia ardhini mpaka kwenye mifupa yake.

* * *

Jumapili kanisa lilijaa. Kiti cha mwenyekiti kilifungwa maputo na kitambaa cheupe cha wavu, kikawekwa katikati kabisa ya paa jipya. Sostenes alivaa koti zito la bluu, jasho likimtiririka mgongoni. Vumilia aliutundika mkoba wake pale anapoutundika kila Jumapili, kwenye ule mdomo mdogo uliochongwa juu ya nguzo. Kanisa zima lilidhani ni urembo.

Mchungaji Abel alikuwa amewaka. Spika zilikuwa zinakoroma.

"Kuna watu humu wanasema, mchungaji, tumeokolewa kwa neema, basi tuendelee tu! Nakuuliza, mama amekuogesha, amekupaka mafuta. Kwa sababu maji bado yapo kwenye ndoo, ndiyo urudi kugaagaa matopeni?"

"Hapanaaa!" likajibu kanisa.

"Mwambie jirani yako, toka matopeni!"

Sostenes akamgeukia jirani yake, mzee kiziwi, akamwambia kwa nguvu zote atoke matopeni.

Hapo ndipo Maduhu alipoingia. Yeye ni mtu wa mizimu ya babu zake, kanisani hajawahi kukanyaga. Kavaa kandambili, mguu mmoja umevimba. Akavua kofia, akasalimia kwa sauti ya porini.

"Mwangaluka! Msinijali, nimefuata buti langu."

Watu wakacheka. Mchungaji akashangilia, "Bwana amemleta!" Vumilia akainuka, akautungua mkoba, akatoa buti. Maduhu akanyoosha mkono kulipokea, mkono ukakwama hewani.

Alikuwa anautazama mdomo wa nguzo.

Akachechemea mpaka pale. Akatia ngumi kwenye ule mdomo, ikaingia sawasawa. Akaenda nguzo ya pili. Ikaingia. Ya tatu alikuwa haangalii tena nguzo, anamwangalia Sostenes.

"Huu nimeuchonga mimi," akasema taratibu. "Kipimo cha ngumi yangu. Magogo yangu haya."

Mvua iliendelea kupiga juu ya bati.

Mwingine angekimbia. Sostenes hakukimbia, alikuwa na uzoefu. Alipiga magoti pale pale mbele ya kiti chake chenye maputo, akaangusha kichwa, akalia.

"Ndugu zangu, mimi ndiye! Mimi ndiye niliyechukua! Nimekosa mbele za Mungu na mbele ya kanisa!"

Lilikuwa ungamo zuri. Akina mama wakatoa leso. Mchungaji Abel akanyanyua uso ili ajibu, na katika kunyanyua uso akaliona paa. Akayaona magogo. Akasikia mvua. Akatazama spika, kinanda, na koti lake mwenyewe.

"Umesamehewa!" akapaza sauti upesi. "Kanisa, tumemsamehe?"

Kanisa nalo likatazama juu.

"Aminaaa!"

"Neema imemfunika ndugu yetu! Yaliyopita yamepita! Inuka, keti kwenye kiti chako!"

"Na magogo?" Maduhu akauliza.

"Magogo yamewekwa wakfu, kijana wangu. Kilichowekwa wakfu hakirudi shimoni."

"Amina," wakasema wote waliokuwa chini ya paa. Wale wa nyuma, wanaovujiwa siku zote, hawakusema kitu.

Sostenes akainuka. Akangoja ile amani ije. Siku zote ilikuja, ikishuka kifuani kama soda ya baridi. Akangoja. Haikuja. Kilichokuja ni sauti ya mkewe.

"Baba Mchungaji, sasa hivi si tulikuwa tunatoka matopeni?"

"Mama Noela, keti."

"Luka yuko chini tangu alfajiri. Mvua hii yote inamshukia yeye." Akageuka kwa binti yake. "Noela, toa watoto nje. Maduhu, shoka la kanisa liko nyuma ya mlango."

"Mama!" Mchungaji akanyoosha mikono. "Unabomoa nyumba ya Mungu!"

"Nachukua nyumba ya wachimbaji. Mungu akikosa paa Rwamgasa, ana mbingu. Luka hana kwingine."

Shoka likaletwa. Kabla Vumilia hajalishika, Sostenes alishalishika. Kanisa likashusha pumzi, maana mwenyekiti amezuia balaa.

Akasimama nalo mkononi. Akatazama kiti. Maputo yalikuwa mazuri kweli, ya dhahabu na meupe, na Noela ndiye aliyeyapuliza.

"Tokeni chini ya paa," akasema.

"Mzee Sostenes!"

"Mchungaji, nimesema tokeni."

Akapiga pigo la kwanza kwenye waya unaofunga boriti. Pigo la pili bati likalia. La tatu, paa la mbele likainama kama mtu mzima anayetafuta kitanda, likakilalia kiti cha mwenyekiti. Maputo yakapasuka moja baada ya jingine, mzee kiziwi akauliza nani anapiga bunduki.

* * *

Waliyabeba magogo mabegani, kwaya na majoho yao yakilowa, Sostenes mbele na koti lake la bluu. Njia nzima hakuna aliyeimba.

Duara lilikuwa limebadilika sura. Ukingo ulishapata ufa mpana, maji yanaingia ndani yake kama yanaitwa. Winchi ya mbao ilikuwa imekaa upande. Maduhu akalala kifudifudi, akapeleka mdomo shimoni.

"Luka! Luka wee!"

Noela akaziba masikio. Kisha sauti ikapanda kutoka chini, ndogo, imebanwa.

"Nipo."

"Mayu wane!" Maduhu akamwita mama yake, akapigapiga tope kwa kiganja. "Panda! Tunashusha kamba!"

"Siwezi. Gogo la katikati limekatika. Nimeliegemea mgongo. Nikitoka, linakuja lote."

Watu wakaangaliana. Wote walielewa. Mtu alitakiwa ashuke na gogo, alisimamishe pale alipo mgongo wa Luka, ndipo Luka apumue.

"Mimi mguu huu hautanibeba," Maduhu akasema, akiutazama kama mguu wa mtu mwingine. "Nani anashuka?"

Wachimbaji waliokuwa wamekusanyika wakarudi nyuma.

"Kwenye matimba yale? Sishuki."

"Ashuke aliyesamehewa," mmoja akasema, na baadhi wakacheka kicheko kisicho na furaha. "Si kafunikwa na neema? Udongo utamfanya nini?"

Mchungaji Abel alikuwa kafika, viatu vyake vyeupe havionekani tena. Akainua mkono. "Wapendwa, tuombe kwanza."

"Omba wewe, Mchungaji," Sostenes akasema, akivua koti. "Mimi kwa ajili ya shimo hili nimeshaomba kupita kiasi."

Akavua na viatu vya kanisani. Maduhu akamtazama kitambo, kisha akamsukumia buti lake lile moja.

"Vaa. Mguu mmoja ukishika, na mwingine utajifunza."

Vumilia ndiye aliyemfunga kamba kiunoni. Alifunga fundo, akalivuta, akalifunga tena, kama anavyofunga mzigo wa kuni asiotaka umwagike njiani.

"Baba Noela."

"Naam."

"Uji bado uko kwenye mkeka."

"Najua."

Wakatanguliza gogo. Kisha wakamshusha yeye.

Mwanga ukawa mdogo, ukawa kama sahani, ukawa kama kikombe. Udongo laini ulimwangukia shingoni. Matimba ya kale yalikuwa yanalia pande zote, kila moja na sauti yake. Kwa mazoea akafungua kinywa atubie mapema lolote litakalotokea. Hakikutoka kitu. Akakifunga.

"Nani anashuka?" sauti ya Luka, sasa karibu.

"Mimi."

"Baba? Wewe? Rudi juu, Baba! Tuma kijana!"

"Niko na gogo. Tulia."

Akafika. Kwa tochi ya kichwani alimwona Luka, miguu imefukiwa mpaka magotini, mgongo umelala kwenye gogo lililovunjika, mishipa ya shingo imesimama kama mizizi. Kijana alikuwa anatetemeka. Hata hivyo alitabasamu.

"Magogo mapya! Lori la Isaka limefika?"

Sostenes alikumbatia gogo, akaanza kulisimamisha kidogokidogo. Mwanga wa tochi ukapita juu ya ule mdomo uliochongwa, ukaenda, ukarudi.

Luka akaacha kutabasamu.

"Hili si ni lile la Maduhu? Lile lililoibwa?"

"Sukuma mgongo kidogo, Luka, niliingize."

"Mmemkamata mwizi?" Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Baba, nimekaa hapa tangu alfajiri namuwaza mtu mmoja tu. Siwazi kufa. Namuwaza yule mwizi. Nikitoka hapa, nitamfuata popote alipo. Ni nani?"

Juu watu walikuwa wanaita, mmefikia wapi. Gogo lilibakiza kama upana wa kiganja kukaa mahali pake. Na mlima wote, mvua yote, ulikuwa umeegemea mgongo wa kijana yule ambaye bado hajajua.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni watu wa Isaka. Kule kanisani aliungama mbele ya watu wote, wala hakuna aliyekuwa amebeba kitu.

"Luka," akasema. "Nina neno, na nakuomba usijitikise."

"Sema upesi, mgongo unachoka."

"Mwizi ni mimi."

Tochi ilimmulika Luka usoni, macho yamekazwa, hayapepesi. Sostenes akalisukuma gogo kwa bega, akalisukuma kwa kichwa, huku anahesabu pumzi za yule kijana, moja, nyingine, nyingine.

Kisha, gogo likiwa bado halijakaa, hakuisikia iliyofuata. Alichosikia ni shati lililolowa likibanduka taratibu kutoka kwenye gogo lililovunjika. Luka alikuwa ameuondoa mgongo wake.